Skafu za Jukwaa la Mashariki

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi yoyote ya mechi. Spika, mtangazaji wa uwanja wa timu ya Kijani, alikunywa chai, akajaribu kipaza sauti, kisha akawatania wapaka chokaa kwamba mistari yao imelewa. Utani ndio uliompa nguvu siku hizi. Jukwaa la mashariki lilikuwa tupu. Mashabiki walikuwa wamehamia kwa Wekundu, timu ya mtaa wa pili, wenye viti vipya na muziki, na miongoni mwao alikuwamo mdogo wake, fundi friji, ndugu pekee aliyebaki naye tangu baba yao afariki. Alipohama aliichoma skafu yake ya kijani mbele ya macho ya Spika. Hawakusemezana tena, na Spika alimkumbuka mno.

Mechi ingeonyeshwa kwenye televisheni, na mwenyekiti wa klabu hakutaka aibu. Aliagiza skafu za mashabiki waliokufa zikusanywe kwenye familia zao na kutandazwa kwenye benchi za mashariki, ili kamera zione kijani. Spika naye alileta ya baba yake. Aliikumbuka shingoni kwa mzee, fundo la mizunguko miwili chini ya sikio la kushoto, fundo alilowafungia wanawe kila siku ya mechi.

Mama mfua jezi, aliyekuwa na mdomo na asiyemwogopa mwenyekiti, alikataa kuzipiga pasi. Aliwakumbusha desturi ya mashariki. Anayewahi humtandazia mwenzake skafu kumwekea nafasi, na skafu ikishatandazwa, mwenyewe yuko njiani. Ukiitoa, unaweka yako na unakaa wewe, maana nafasi haiachwi wazi.

"Mnawaita hao," alisema. "Wakifika mtawaambia nini?"

Mwenyekiti alicheka, na kazi ikaendelea.

Mpira ulipokaribia kuanza, Spika alilisalimu jukwaa kwa mazoea. "Mashariki, mpo?" Alitarajia kimya. Jibu likaja, zito, la watu wengi, mpaka kioo cha kibanda chake kikatetemeka. Kule kwenye benchi hapakuwa na mtu. Zilikuwa skafu tu.

Kijani walishinda. Habari zikaenea, na wiki iliyofuata watu wakafurika kuja kuliona jukwaa linaloshangilia lenyewe. Wekundu wakabaki na viti vyao vipya. Mwenyekiti alikuwa meno nje, wala hakutaka kusikia skafu zikitajwa kuondolewa.

Kisha zikaanza kuonekana nyingine, kando ya zile za marehemu. Ya kwanza ilikuwa ya mwenye duka la dawa, mtu mzima wa afya. Alianguka akafa akiwa njiani kuja uwanjani. Ikaja ya dereva mmoja wa lori, naye hakufika. Hakuna aliyeuona mkono uliozitandaza.

Siku ya mechi dhidi ya Wekundu, jua likiwa kali, Spika alipita mashariki kukagua nyaya. Milango ilikuwa bado imefungwa. Kando ya skafu ya baba yake palikuwa na nyingine. Aliitambua kwa kiraka chake. Ilikuwa ya mdogo wake, ile iliyochomwa moto, na haikuwa na alama ya moto popote.

Akampigia simu.

"Niko njiani, kaka," mdogo wake alijibu kwa sauti ya usingizi. "Baba kaniwekea nafasi."

"Geuza. Rudi nyumbani."

"Miguu haitaki."

Hapakuwa na upepo. Hata hivyo, ncha za skafu zote zilikuwa zimegeukia upande wa Spika. Aliogopa. Angetimua mbio, kama si mdogo wake aliyekuwa akipumua kwenye simu. Aliitoa skafu ya mdogo wake. Akavua yake. Akaitandaza mahali pale, bila fundo. Akaketi.

Benchi lilikuwa na joto, na si la jua.

"Kaka," mdogo wake alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Niko katikati ya barabara. Malori yanapita. Nimefikaje hapa?"

"Toka barabarani, mdogo wangu," Spika alinong'ona. "Nilikukumbuka sana."

Mdogo wake alisikia mtu mwingine akikohoa taratibu, karibu kabisa na simu ya kaka yake. Kisha simu ikakatika.

Alikuja mbio, na ndiye aliyemkuta. Spika alikuwa ameketi, kichwa kimelala upande kama mtoto aliyesinzia begani kwa mtu. Mwili ulikuwa umeshapoa. Daktari wa klabu alisema ni moyo, na mwenyekiti akaamuru milango ifunguliwe, watu wanasubiri.

Mdogo wake hakubishana na daktari. Alipiga magoti akaitazama skafu ya kaka yake. Haikuwa kwenye benchi tena. Ilikuwa shingoni mwa Spika, imefungwa vizuri chini ya sikio la kushoto, mizunguko miwili. Fundo lile, tangu utoto wao, yeye na kaka yake hawakuwahi kuliweza.