Damu Isiyo na Dawa

Mwalimu alikutwa amekufa sakafuni kati ya kitanda na kabati, ulimi umeng'atwa, kisigino kimechubuka kwa kupigapiga mguu wa kitanda. Juu ya kabati palikuwa na sanduku dogo la bati lenye kopo la kapsuli za usingizi. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

"Kazidisha, afande," alisema konstebo. "Mtaa mzima unajua vidonge vilimshika."

"Akazidisha, akafunga kufuli, ndipo akafa?"

Inspekta alikuwa mtu wa maneno machache na kiungulia kingi, na asubuhi ile vyote viwili vilimzidi.

Ufunguo ulitoka mfukoni mwa mume wa marehemu, mlinzi wa ghala, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka lindo. Aliutoa mwenyewe. Mama mkwe wake, dobi aliyekuwa akiishi nao, alikaa kwenye kizingiti, kitambaa kimefunika mdomo. Hakulia. Alitazama tu.

Majibu ya maabara yalipofika, inspekta aliyasoma mara mbili. Damu ya marehemu haikuwa na dawa yoyote. Mtu aliyemeza vidonge miaka na miaka, aliyepewa kimoja kila jioni, alikufa damu yake ikiwa safi kama ya mtoto.

Akaenda kliniki. Daktari aliyekuwa akimtibu mwalimu alikuwa mwanamke kijana, macho yamemvimba.

"Alianza lini?"

"Alipofiwa na mtoto mchanga. Aliandikiwa dawa ya kumtuliza, ya muda mfupi. Hakuna aliyekumbuka kumwachisha."

"Na wewe ulimwachishaje?"

"Kwa kumpunguzia. Kidogo kidogo, miezi mingi. Mumewe alifungia dawa, akampa kipimo cha siku."

"Si mngekata mara moja yakaisha?"

"Hizi hazikatwi hivyo, afande. Ubongo umeshazizoea. Ukizikata ghafla mtu anatetemeka, anaona mauzauza, anapata kifafa. Wengine hufa."

"Mumewe alilijua hilo?"

"Nilimwambia asiruke hata siku moja." Daktari akainamisha kichwa. "Mwalimu alikuja hapa siku mbili kabla ya kufa, analia. Akasema dawa zake hazina kitu. Nilidhani anataka aongezwe. Wote husema hivyo. Nikamrudisha nyumbani."

Inspekta aliandika hilo daftarini. Akaondoka.

Maabara ikapasua kapsuli zilizobaki kwenye kopo. Ndani hamkuwa na dawa. Mlikuwa na unga mweupe, laini, usio na madhara yoyote: wanga.

Mwenye ufunguo alikuwa mmoja, naye alionywa kwa mdomo wa daktari. Mume akawekwa mahabusu. Kesi ya kuua kwa kukusudia ilikuwa inamnyemelea, na yeye hakujisaidia hata kidogo.

"Nani mwingine alishika ufunguo?"

"Hakuna. Unakaa mfukoni mwangu."

"Ulimchoka mkeo?"

"Nilichoka, afande. Nani asingechoka? Lakini nilikuwa namsubiri arudi. Alikuwa ameanza kurudi. Majuma machache nyuma aliimba bafuni."

"Mama mkwe alijua masharti ya daktari?"

"Mke wangu aliona aibu. Alisema mama asiambiwe mambo ya kliniki. Nikamfichia."

Inspekta akarudi kwenye nyumba ile. Mama alikuwa uani, anapiga pasi sare ya mkwewe ili ampelekee kituoni. Kabla ya kutandika kila nguo alipitisha vidole mifukoni, haraka, bila kutazama, kama dobi yeyote afanyavyo. Akatoa sarafu, akaiweka kando. Kisha akachota unga mweupe kwenye bakuli, akaukoroga na maji, akaupaka kwenye kola.

Inspekta akavuta kigoda, akaketi. Alitamani awe amekosea.

"Mama, huo ni wanga?"

"Ndiyo, baba. Kola bila wanga inalala."

"Sare zake unafua wewe?"

"Kila siku."

"Na ufunguo unaukuta mfukoni."

Pasi ikasimama juu ya kola. Harufu ya kuungua ikapanda, naye hakuiondoa. Inspekta ndiye aliyeinyanyua.

"Mkwe wako atafungwa maisha, mama. Labda atanyongwa."

"Yeye hana kosa," alisema mama. "Nilizifungua mimi. Nilimwaga ile sumu nikatia wanga."

"Kwa nini?"

"Kila jioni namwona mwanaume anamlisha mwanangu ulevi, halafu anafunga kufuli kama anayetunza dhahabu. Nikasema, huyu anamtaka hivyohivyo, amelegea. Mimi marehemu mume wangu nilimwachisha pombe kwa kumfungia ndani. Alitetemeka, akatapika, akapona. Tuliishi vizuri mpaka kifo."

"Mwalimu alipoanza kutetemeka?"

"Nilifurahi." Alianza kuikunja ile sare. "Nilisema inatoka. Usiku ule nilimsikia anagonga chumbani. Nikadhani anadai dawa. Nikaendelea kupiga pasi."

Inspekta alimweleza alichosema daktari, polepole, kwa sababu ilikuwa lazima mtu amweleze. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa anapona kwa kumeza ileile dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna aliyeniambia."

Kituoni, mume alifunguliwa mlango wa mahabusu wakati mama anaingizwa na pingu. Mikononi mama alikuwa ameshika sare ya mkwewe, imekunjwa, kola imeungua upande mmoja. Konstebo alikwisha kumnong'oneza habari yote, na mlinzi yule alisimama katikati ya korido akiwa hajui aende mbele au arudi ndani.

"Mama," alisema, "mbona hukuniambia?"

Mama alimpa sare.

"Ungemhurumia," alisema.