Kipande cha Mwanatumu

"Mama Mwanatumu, kipande cha marehemu mwakiwekea nini mpaka leo?"

Swali hilo aliliuliza Bi Nana, jirani wa ukuta kwa ukuta, jioni moja wakichambua mchicha barazani. Johari alikuwa akifagia uani. Aliposikia, aliusimamisha ufagio ili asikie vizuri zaidi. Bi Nana ndiye aliyekuwa akiosha maiti za kike katika mtaa ule wa Likoni, na ndiye aliyemwosha Mwanatumu, dada yake Johari, aliyefariki kwa homa ya matumbo akiwa na miaka kumi na tisa.

"Chifu alisema kirudishwe," Bi Nana akaendelea. "Mwaka wa tatu huu."

Mama alitikisa fungu la mchicha, maji yakaruka. "Sina picha yake nyingine, dadangu. Ile ndiyo sura yake. Nikiirudisha, mwanangu nitamwona wapi?"

Bi Nana akavuta fungu jingine la mchicha. Johari naye akaendelea kufagia. Alijua kipande kile, kitambulisho cha dada yake, kilipowekwa: chini kabisa ndani ya sanduku la mbao, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Kila Ijumaa mama alikitoa, akakitazama, akamwombea marehemu, akakirudisha.

Johari alikuwa darasa la saba, mrefu kuliko wenzake, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini. Alipenda bendi. Bendi yenyewe iliitwa Mafiga Matatu, vijana watatu wa Dar es Salaam waliopiga roki kwa Kiswahili, magitaa yao yakilia kama bati linalokatwa. Nyuma ya daftari lake la sayansi alikuwa amenakili nyimbo zao zote. Mama akimsikia akiimba humwambia, "Laiti ungeihifadhi Kurani hivyo, leo tungekuwa na hafidhi nyumbani."

Siku moja Achieng, binti mkubwa wa jirani, fundi wa cherehani, alikuja mbio na habari.

"Mafiga Matatu wanapiga Tanga Jumamosi! Watu wamekodi gari la Musyoka. Unakuja, ama utabaki kuimbia kuku?"

"Tanga si Kenya," Johari alisema. "Mpakani wataka kipande, nami nina miaka kumi na mitatu."

"Si kiko kimoja kwa sanduku lenu?" Achieng akacheka. "Na vile mnafanana!"

Achieng alisema kwa mzaha, lakini neno lile lilimwingia Johari kama mwiba. Kweli walifanana, kama shilingi kwa ya pili. Siku tatu aliliwaza. Ijumaa, mama alipokwisha kuomba dua na kukirudisha kipande sandukuni, Johari alikichukua, akakificha ndani ya soksi ya shule. Kitambaa alikikunja vilevile kilivyokuwa, kitupu.

Alfajiri ya Jumamosi mama aliita kutoka jikoni, "Johari!"

"Abee, mama."

"Watoka mapema hivyo?"

"Naenda Utange kwa shangazi. Atanifundisha kushona mkeka. Nitalala huko."

"Haya, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulinde. Msalimie."

Dua ile ilimfuata njia nzima. Kila gari lilipopunguza mwendo, Johari alidhani mama amesimama mbele barabarani.

Walifika mpakani Lunga Lunga saa tatu asubuhi. Johari alikuwa amevaa buibui la marehemu dada yake, harufu ya sanduku ikimpanda puani. Askari aliyekuwa mezani, jina lake Wafula, alikitazama kipande, akamtazama Johari, akakitazama tena. Johari aliuvuta ushungi mbele.

"Mwanatumu Jumaa?"

"Ndiyo mimi."

Wafula akamwandikia karatasi ya kwenda na kurudi. Johari akanyoosha mkono apewe kipande chake, lakini askari alikitia ndani ya kikasha cha bati pamoja na vya wengine.

"Kipande chabaki hapa. Mkirudi mnachukua. Mwisho ni leo saa kumi na mbili jioni. Asiyerudi, chake kinapelekwa makao makuu, na ataenda kukidai huko yeye mwenyewe na wazazi wake."

Kikasha kikafungwa, ta! Johari alibaki amesimama. Hakujua kama kuna jambo hilo. Alidhani atakionyesha tu na kukirudisha kwenye soksi. Sasa sura ya dada yake, ile moja tu iliyobaki duniani, ilikuwa ndani ya bati mkononi mwa mgeni.

"Twende basi!" Achieng akamvuta. "Umegeuka mlingoti?"

Tanga walifika adhuhuri. Uwanja ulijaa watu. Muziki ulitangazwa uanze saa saba, lakini saa saba ilipita, na saa nane pia. Mafundi walikuwa bado wanabishana juu ya nyaya za umeme. Johari alimuuliza saa kila aliyevaa saa, hata mzee mmoja akamwambia, "Binti, saa haziongezeki kwa kuulizwa."

Saa nane u nusu Mafiga Matatu wakapanda jukwaani. Watu walipiga kelele hadi vumbi likainuka. Wale ambao nyimbo zao alizinakili daftarini walikuwa hatua thelathini mbele yake, wanatokwa jasho kama watu wengine. Magitaa yalilia. Midomo ya Johari iliyafuata maneno, lakini masikio yake yalisikia sauti moja tu, ile ta! ya kikasha cha bati. Aliona mama amepiga magoti mbele ya sanduku, amekifungua kitambaa cheupe, hamna kitu.

Saa tisa u nusu Musyoka akapita akipiga makofi. "Wa kurudi leo, garini! Mimi naondoka."

"Hawajapiga wimbo wetu!" Achieng alifoka. "Sisi tunalala kwa rafiki, tunarudi kesho. Kipande changu nitakidai tu. Kaa, Johari!"

"Changu mimi sina wa kumtuma kukidai," Johari alisema, machozi yakimlenga. "Mwenyewe yuko kaburini."

Achieng akaacha kucheza. Hapo ndipo alipoona mzaha wake umezaa nini.

Johari alipanda gari. Walipotoka langoni, nyuma yake ukaanza wimbo alioupenda kuliko zote. Hakugeuka.

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Jua lilishuka nao wakishuka na kupanda. Walifika mpakani zikiwa zimesalia dakika kumi. Wafula alikuwa amesimama na kikasha mkononi, anaita majina mojamoja, na wenyewe wanajongea kuchukua vipande vyao. Johari alishusha pumzi. Kisha akatupa macho pembeni.

Kwenye benchi kando ya ukuta alikuwa ameketi Bi Nana, kikapu mapajani. Alikuwa akirudi kutoka Tanga, alikokwenda kuhani kwa nduguye.

"Mwanatumu Jumaa!" askari aliita.

Bi Nana akainua kichwa ghafla.

Johari akajibana nyuma ya watu. Akiitika, Bi Nana atajua. Asipoitika, sura ya dada itakwenda asikokujua.

"Mwanatumu Jumaa!"

Watu wakatazamana. Bi Nana alishika kikapu kwa mikono miwili. Jina lile aliliita mara ya mwisho akimimina maji ya mwisho.

"Mwanatumu Jumaa! Mara ya tatu hii. Hayupo?" Wafula alianza kukirudisha kipande kikashani.

"Abee," Johari aliitika, sauti nyembamba kama uzi.

Kikapu cha Bi Nana kilianguka, maembe yakatawanyika sakafuni. "Inna lillahi!" alisema. "Mimi nilimwosha huyu kwa mikono yangu!"

Watu wote wakageuka. Bi Nana alisimama, akaja polepole, akamfunua Johari ushungi. Alimtazama kwa muda mrefu. Hofu ilimtoka usoni, ikaja huzuni, ambayo Johari aliiogopa zaidi.

"Mwambie bwana askari jina lako. Mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Johari akasema yote, kuanzia sanduku hadi soksi. Wafula alisikiliza, uso umekunjamana.

"Unajua hii ni kesi? Ningetaka, ungelala kituoni leo."

"Najua," Johari alilia. "Nifunge mimi, lakini picha usiitupe. Mama hana nyingine."

Wafula alikigeuza kipande mara mbili. Kisha akamgeukia Bi Nana. "Mama, huyu ni mtoto, na amesema kweli. Nakukabidhi wewe. Lakini hiki kirudishwe kwa chifu ndani ya siku saba. Nitaandika, na nitauliza."

"Inshallah nitakisimamia," Bi Nana alijibu.

Usiku ule Johari alilala kwa Bi Nana, na kesho yake asubuhi, mbele ya Bi Nana, alimweleza mama. Mama hakumpiga wala hakumkemea. Alikipokea kipande, akakifuta kwa ncha ya leso, akalia kimya hadi Johari akatamani apigwe.

Bi Nana akawapeleka kwa Ngala, mpiga picha aliyekuwa na studio karibu na feri. Ngala alisema kupiga picha ya picha ni kazi ndogo kwake. Siku ya nne alileta sura ya Mwanatumu imekuzwa, ukubwa wa sinia. Mama akaitundika sebuleni, akaketi chini yake, kipande mkononi.

"Keti, Johari," alisema Bi Nana. "Kupenda muziki si dhambi. Dhambi ni mlango uliopitia. Jina la mtu si buibui, ukajitanda ukavua. Ukilivaa uongo, hata furaha ukiifikia huionji. Umekwenda nchi ya watu kusikia magitaa, umesikia nini?"

"Kikasha tu," Johari alijibu.

"Basi. Nasi wakubwa tuna letu. Amana tuliambiwa turudishe, tukaificha. Mtoto akaikuta."

Maneno yale hayakumlenga Johari. Mama aliinua macho, akaitazama picha ukutani, kisha kipande. Akavaa buibui lake, akakitia kipande kifuani, akatoka kuelekea kwa chifu.