Wake Wenza Ndani ya Mashine ya Joachim

Nyie mliobaki Likasi, mji wetu wa Katanga, na nyie ambao dunia imewatupa huku na huku, nipeni masikio kidogo. Nitawasimulia ya nyumba moja tu, na nikimaliza kila mtu akaangalie kwake.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na sita. Jioni moja pale mtaa wa Kikula, Orpa alikuwa amekaa mlangoni kwake akikaanga mikate ya kuuza. Binti yake mdogo Jenny alikuwa anafukuza kuku uani, na kutoka chumbani ilisikika sauti ya mumewe Joachim akicheka peke yake mbele ya kompyuta. Kulikuwa na amani. Umaskini ulikuwepo, nani hakuwa nao, lakini mafuta yalichemka na mtoto alicheka. Orpa alikuwa na furaha kuliko siku nyingi, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa anajiandaa kuja.

Lazima niwaeleze jambo hili la mama, maana ndilo lenye uchungu. Mama Kazadi alikuwa mtu wa jimbo la Kasai. Aliishi Likasi tangu usichana wake, akazaa hapa, akazika mume hapa. Halafu ukaja ule wakati ambao hatupendi kuusema, watu wa Kasai wakaambiwa huku si kwao. Mama Kazadi alilala stesheni na mafurushi yake miezi mizima, pamoja na maelfu ya wenzake, wakisubiri treni. Orpa alibaki kwa kuwa mume wake alikuwa mtu wa hapa. Alikuwa anampelekea mama chakula pale chini ya turubai, mpaka siku treni ilipomchukua. Tangu hapo hawakuonana. Jenny alizaliwa baada ya hapo, bibi hajamshika hata mkono.

Joachim yeye alikuwa fundi wa redio na simu kiwandani, fundi kweli, sitanii. Mshahara ulipokatika akaanza kujitafutia. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha ufundi, siku ya kufunga mizigo yake, alimwachia kompyuta mbili kuukuu. Moja ilikwenda Mwene-Ditu, mji wa Kasai alikofikia Mama Kazadi, pamoja na Samy, rafiki na mfanyakazi mwenzake Joachim, aliyefukuzwa siku zile zile za Mama Kazadi. Wakaziunganisha kwa foni, yaani ile redio ya kuongelea mbali ambayo sote tuliikimbilia baada ya posta na simu kufa.

Sasa foni ya kawaida mnaijua. Unasimama kwa Rolly pale karibu na soko, unapiga kelele "nakusikia, nakusikia", na mtaa mzima unakusikia pia. Ukitaja kwamba mama yako wa Kasai anarudi, habari inafika nyumbani kabla yako. Na mwaka ule bado kulikuwa na vijana ambao habari kama hiyo ingewawasha. Ndiyo sababu Joachim na Samy walitengeneza njia ya siri. Barua inaandikwa kwenye kompyuta, inafungwa na programu, inapita hewani ndani ya foni, na aliyetega sikio anapata mkwaruzo tu. Upande wa pili inafunguka yenyewe. Orpa alipoona barua ya kwanza ya mama yake ikijitokeza kwenye kioo, herufi kwa herufi, alilia akaunguza mikate.

Kompyuta zenyewe zilikuwa za Linux, mfumo ambao watu wanagawiana bila kuununua, na ukielewana nao haukusumbui. Una neema moja ambayo pia ni mtihani: kazi moja ina vyombo vingi, yaani programu, vya kuifanya, na mwenye mashine anachagua mwenyewe. Kuna chombo hiki cha kusimamia mtandao na njia ya siri, kuna kile, kuna kingine. Hapo ndipo Joachim alipoteleza.

Chombo cha kwanza kilikuwa kile walichoweka yeye na Samy. Hakina picha, ni maandishi tu, maagizo yake yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Courant, yaani umeme, ikikatika na kurudi, kinaamka, kinafungua njia, basi. Halafu rafiki mmoja wa Lubumbashi akamletea diski yenye chombo kingine. Hicho kilikuwa na madirisha, rangi, vitufe vya kubonyeza, kinaweza kusimamia njia ishirini kwa wakati mmoja. Joachim alikuwa na njia moja. Lakini mwanamume akishaonja kizuri, nani atamwambia?

Cha kwanza hakukitoa, maana Samy angeona amedharauliwa. Cha pili hakukiacha, maana kilimpendeza macho. Akaviacha vyote viwili ndani ya mashine moja, na kila umeme uliporudi, vyote viwili viliamka na kugombea redio ile ile. Kimoja kinafungua njia, kingine kinaifunga ili kiifungue kwa namna yake. Joachim akiwa nyumbani haikuwa shida. Anakaa, anakizima kimoja kwa mkono, anaendelea na mambo yake huku akipiga mluzi.

Orpa aliona hatari mapema. Hakusoma mambo ya kompyuta, ila alikuwa na macho. Jioni ile ya mikate alimwambia mumewe polepole, kama mtu anayezungumzia chumvi.

"Papa Jenny, chagua moja. Ile masini iko na bibi wawili mu nyumba moja. Huyu anafungua mulango, mwenzake anafunga. Na siku weye hauko, minye nitafanya nini?"

Joachim akacheka. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alimpenda mkewe, hakunywa, hakupiga. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alitaka kuwa yeye tu anayejua. Kiwanda kilishamnyang'anya cheo, ile mashine ndiyo iliyombakiza kuwa chef, yaani mkubwa, wa kitu.

"Acha, Mama Jenny," alisema. "Hii si kazi ya mikate. Minye njo najua. Weye usiguse."

Orpa akageuza mikate yake.

Safari ya mama ikapangwa kwa barua za siri, na masharti yake yalikuwa haya. Mama hakujua nyumba mpya ya Kikula, maana ile ya kampi ya wafanyakazi wa kiwanda walishaiacha. Na lafudhi yake ingemtambulisha akifungua tu kinywa kuuliza njia. Kwa hiyo Samy angeleta habari siku mama anapopanda treni, na Orpa angekuwa stesheni kumngoja. Mama asitoke stesheni na mtu mwingine yeyote. Na kama atashuka asimwone Orpa, ajue hali imeharibika mjini, asiulize, asimfuate mtu, apande treni ya kurudi. Orpa naye akaapa kwamba jina la mama yake halitapita kwenye foni ya wazi, hata iweje.

Masharti mazuri kabisa. Yalitegemea kitu kimoja tu, kwamba ile njia itakuwa wazi.

Juma lile lile unga ukaisha ndani, Joachim akachukua sururu akaenda machimbo ya Kamatanda kuchimba madini na wenzake. Alisema atarudi baada ya siku chache, na treni kwa vile tunavyozijua isingetoka Mwene-Ditu kabla ya hapo. Kesho yake umeme ukakatika, ukarudi, na mashine ikaamka na wake zake wawili. Orpa aliona kwenye kioo maneno yakipanda: njia imefunguliwa, njia imefungwa, njia imefunguliwa, njia imefungwa. Mchana kutwa vile vile. Barua haikuingia, haikutoka.

Alikaa mbele ya kioo mikono mapajani. Alijua kabisa kwamba kuna neno fulani mume wake huliandika, chombo kimoja kinalala, kingine kinafanya kazi kwa raha. Hakuwahi kuonyeshwa. Akamtuma jirani yao Ambroise, aliyekuwa anakwenda kuchimba huko huko, amwambie Joachim arudi au atume maelezo. Ambroise alirudi na jibu akiwa na aibu usoni, kama yeye ndiye aliyelitoa. Joachim alisema asiguse kitu, ataharibu, yeye anakuja Jumamosi.

Hapo Orpa alijifunga kitenge akaenda kwa Rolly. Alikuta watu wamejaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao, na nyuma yao vijana wawili wa mtaa wameegemea ukuta, hawana wa kumwita, wanasikiliza tu ya watu. Zamu yake ikafika. Rolly akamuuliza anataka kuita wapi. Neno Mwene-Ditu lilikuwa tayari ulimini mwake. Akawaangalia wale vijana, akakumbuka turubai la stesheni na kiapo chake, akasema amesahau namba ya post ya upande wa pili, atarudi. Akarudi nyumbani. Niambieni nyie, alikosea? Mimi mpaka leo siwezi kusema alikosea.

Jumatano alijaribu pia kwenda stesheni kuuliza. Wakamwambia ya treni hayajui mtu, inaweza kuja leo, inaweza kuja mwezi ujao. Mikate haikujiuza yenyewe na Jenny alikuwa na homa. Akarudi kwa mtoto.

Joachim alifika Jumamosi mchana, mwekundu wa vumbi. Hakunawa hata mikono. Alikaa, akaandika neno lake moja, chombo chenye madirisha kikalala. Njia ikafunguka, na barua za Samy zikaingia zikifuatana. Ya kwanza ilisema mama amepata nafasi kwenye treni, jibu haraka. Ya pili iliuliza mbona kimya. Ya tatu ilisema mama ameshaondoka, nimemwambia utakuwepo, tafadhali uwepo. Ilikuwa ya siku kadhaa zilizopita.

Orpa hakusoma mara ya pili. Alikimbia, kandambili moja ikamtoka njiani asigeuke. Joachim nyuma yake.

Stesheni palikuwa kimya. Danielle, mama anayeuza maji ya kunywa pale kwenye reli, ndiye aliyewaambia. Treni ilifika Alhamisi. Alishuka mama mmoja mzee mwenye beseni la bluu, akaketi pale kwenye nguzo, uso mlangoni. Hakuongea na mtu. Danielle alipomuuliza anamngoja nani alitikisa kichwa tu. Alilala pale pale alipoketi. Jana treni ya kupanda kwenda Kamina, njia ya kurudi Kasai, ilipopiga honi, alisimama, akajipangusa kitenge, akamwita Danielle na kummwagia karanga kwenye kikapu. Alimwambia zilikuwa za mjukuu wake, ale mtoto wa Danielle. Kisha akapanda.

"Alikuwa analia?" Orpa aliuliza.

"Hapana," Danielle alisema. "Alikuwa anaangalia mulango tu."

Orpa aliketi chini kwenye ile nguzo, pale pale mama yake alipoketi. Joachim alisimama mbele yake na mikono yake ya ufundi, hajui aiweke wapi. Alitaka kusema ni umeme, ni Samy, ni treni. Mwishowe akasema lililokuwa kweli.

"Ni minye. Nilikataa kuchagua, na nilikataa kukuonyesha."

Orpa aliinuka. Wakarudi nyumbani, na Jumapili yote Orpa hakumsemesha.

Jumatatu Joachim alimvutia kiti mbele ya mashine. Akakitoa kile chombo chenye rangi mbele ya macho yake, chote, hakuacha hata mzizi. Akaandika ule ukurasa mmoja wa maagizo na kuubandika ukutani kwa Kiswahili chetu. Akachomoa waya wa umeme kwa makusudi, akauchomeka tena, akasimama uani na kumwacha Orpa peke yake. Orpa alikosea mara ya kwanza. Ya pili njia ikafunguka, na barua ya kwanza aliyoituma kwa vidole vyake mwenyewe ilimweleza mama kila kitu.

Jibu lilichukua muda, maana bibi naye alikuwa bado safarini. Siku lilipofika, Orpa alilipokea mwenyewe, amempakata Jenny. Mama Kazadi alimwandikisha Samy hivi: "Mutoto wangu, njiani yote nilikuwa nafikiri ni weye ulinikataa. Sasa moyo umelala. Lakini ile stesheni, macho yangu hayawezi kuiona tena. Muniletee Jenny siku moja, kama Mungu anapenda." Orpa alimsomea Jenny, halafu akamsomea tena lile neno la mwisho.

FUNZO

Ndugu zangu, sikusimulia haya ili mumcheke Joachim. Wengi wetu tuna Joachim nyumbani, na wengine ndio sisi. Ukiwa na mashine inayobeba maneno ya watu, chagua chombo kimoja cha kuisimamia. Usichague kinachong'aa. Chagua kinachoamka chenyewe courant ikirudi, kinacholingana na njia ulizo nazo, na ambacho mwenzako wa upande wa pili anakitumia pia. Vingine vitoe kabisa, hata kama rafiki atanuna. Rafiki atanuna wiki, mama anaweza asirudi tena.

Na ukishachagua, mfundishe aliyebaki nyumbani. Siri ya barua ni ya kuwaficha walio nje. Ukimficha hata mkeo, umemfungia mlango pamoja na adui zake. Joachim alikuwa fundi mzuri kuliko wote mtaani kwetu, na ufundi wake wote haukusaidia kitu siku aliyokuwa Kamatanda. Nendeni nyumbani, mkae chini na watu wenu, muwaonyeshe.