Vumbi Jipya Juu ya la Zamani

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi moja, na wala haikuwa ngumu: kumwaga choo cha paka.

Choo chenyewe kilikuwa beseni la plastiki lililokaa nyuma ya mlango wa ua. Ndani yake tuliweka vumbi la mbao, ambalo baba alilileta kwa gunia kutoka karakana yake ya useremala. Paka wetu tulimwita Mkaguzi. Hakuna mfuko ulioingia nyumbani kwetu bila yeye kutia kichwa ndani, na mgeni akiketi tu, viatu vyake vilikaguliwa kimoja kimoja.

Zamani kazi ile ilikuwa ya mama. Mambo yalibadilika mama alipopata ujauzito. Siku aliyorudi kutoka kliniki kwa mara ya kwanza, alitukalisha sebuleni, mimi na baba.

"Kwenye kinyesi cha paka kunaweza kuwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho," alisema. "Mtu mwenye afya akikipata, huenda hata asijue. Lakini kikinipata mimi wakati huu, kinaweza kupita mpaka kwa mtoto tumboni, kikamdhuru macho au ubongo. Wamenipima damu. Inaonekana sijawahi kukipata, kwa hiyo sina kinga."

Baba alimtazama Mkaguzi, aliyekuwa akijiramba mguu bila habari.

"Basi aondoke," alisema.

"Mkunga hakusema aondoke. Amesema tusimpe nyama mbichi, tusimwache azurure nje, na mtu mwingine amwage choo chake kila siku. Kila siku, baba watoto! Kijidudu kikitoka leo, leo hiihii hakiambukizi. Kinahitaji siku moja au zaidi. Tukikiwahi, hakipati nafasi."

"Nitamwaga mimi," nilidakia. "Nikitoka tu shule. Sitaruka hata siku moja."

Baba alitundika kalenda karibu na mlango wa ua, akaifungia kalamu kwa uzi.

"Ukishamwaga, weka alama, mama," aliniambia. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Nikiiona alama, roho yangu itatulia."

Kwa wiki tatu nilifanya kazi kama nilivyoelekezwa. Nilivaa glavu, nikamwaga vumbi lote kwenye mfuko, nikaufunga na kuutupa. Kisha nilisuuza beseni kwa maji ya moto, nikaweka vumbi jipya, nikanawa mikono kwa sabuni. Yote hayo hayakumaliza robo saa.

Halafu yakaja mashindano ya kuruka kamba mtaani kwetu, na robo saa ikawa ndefu. Jumapili moja rafiki yangu Redio alichungulia dirishani. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hazimi.

"Unakawia nini? Wenzako tumeshapanga timu, na kamba iko mikononi mwa watu!"

"Namwaga choo cha paka."

"Kwani kuna nini humo? Nyunyiza vumbi jipya juu, kesho utamwaga yote pamoja. Nani atafukua?"

Nilitazama beseni, nikatazama dirisha. Nikachota vumbi jipya kwa kopo, nikanyunyiza juu ya la zamani. Lo! Beseni lilipendeza, ungedhani limetoka kusafishwa. Niliweka alama kwenye kalenda, nikatoka mbio.

Jumatatu nikafanya vilevile. Jumanne na Jumatano Redio hakuhitaji hata kunishauri. Alama zangu nne zilikaa kwenye kalenda, safi na zilizonyooka kuliko za wiki zilizopita.

Mama alikuwa fundi cherehani, na alishonea sebuleni. Chini ya meza yake kulikuwa na kapu kubwa la vipande vya vitambaa, alivyovitumia kujazia mito. Alhamisi niliporudi shule nilimkuta kwenye sinki, akisugua mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko.

"Huyu Mkaguzi wenu atanitoa roho," alisema. "Nimetia mkono kapuni nichukue vipande, kumbe amejisaidia mle! Na kabla sijatambua, nimeshajifuta jasho mdomoni kwa mkono uleule."

 Papo hapo nilielewa kwa nini. Paka hapendi choo kichafu, na Mkaguzi hakudanganyika na vumbi langu la juu. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilijitia hamnazo, nikaenda kuvua sare, kisha nikamwaga beseni lote kimyakimya.

Jioni baba alipopata habari alipandwa na hasira.

"Paka ana choo safi kila siku, na bado anachafua kazi za watu? Huo ni utundu tu. Jumamosi nampeleka kwa mtu mwenye ghala la nafaka, akakamate panya." Akaleta boksi tupu, akaliweka mlangoni.

Mkaguzi aliingia ndani ya boksi, akalikagua pembe zote nne, akatulia humo. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu zaidi. Hata hivyo, nilinyamaza.

Ijumaa shule ilifungwa mapema, na mama akaniomba nimsindikize kliniki. Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Nilimwamkia, akaitikia, akatupatia viti. Mama alimweleza yote, hata jambo la kujifuta jasho.

"Kinyesi kilikuwa kikavu, au cha karibuni?" mkunga aliuliza.

"Sikukitazama, dada. Nilitupa vipande vyote. Ila hakiwezi kuwa cha zamani." Mama aliniwekea mkono begani. "Binti yangu humwaga choo kila siku. Kalenda yake ukiiona utafurahi. Kama paka angekuwa haendi kwenye choo chake, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kujua."

"Vizuri sana," mkunga alisema, akifungua kadi ya mama. "Basi kilikuwa hakijatimiza siku moja, na hakikuwa kimepata nafasi ya kuambukiza. Hatuna sababu ya kukutoboa sindano. Nenda kapumzike."

Kalamu yake iligusa kadi. Nilijua nikinyamaza, mambo yangeishia pale. Mkaguzi angekwenda kwenye ghala na hakuna ambaye angejua. Kisha nikautazama mkono wa mama begani kwangu. Uleule.

"Subiri, shangazi," nilisema. Machozi yalishaanza kunitoka. "Usiandike. Sikumwaga tangu Jumapili mpaka Jumatano."

 Nilieleza kila kitu: kamba, vumbi jipya, alama nne. Niliwaambia sikujua Mkaguzi aliacha lini kutumia choo chake. Labda alikuwa akienda kapuni tangu Jumatatu.

Mama hakunigombeza. Aliondoa mkono wake begani kwangu, akauweka juu ya tumbo lake. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Mkunga alifunga kadi, akachukua sindano. "Tutapima leo, na tutapima tena baada ya wiki tatu, kwa sababu maambukizi mapya hayaonekani siku hiyohiyo. Ikiwa yapo, zipo dawa, na ni vizuri zianze mapema. Usihangaike sana, mama. Mara nyingi huwa salama. Lakini sasa tunajua tunachotafuta."

Tuliporudi nyumbani nilikwenda mwenyewe karakana kumwambia baba. Alizima mashine, akanisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe paka alikuwa akitueleza, na mimi nikamwandalia boksi," alisema. Aliongozana nami nyumbani, akasimama mbele ya kalenda, akazikwangua zile alama nne kwa kisu chake cha kazi. "Na kama ungenyamaza, ningemfukuza shahidi."

Sijawahi kuishi wiki ndefu kama zile tatu. Nilimwaga choo kila alasiri kabla sijavua hata viatu. Kapu la mama lilipata kifuniko cha mbao. Mama naye alivaa glavu alipopalilia mboga uani, kwa sababu udongo nao huweza kubeba kijidudu, akaosha mboga zake kwa maji mengi na kuivisha nyama mpaka ndani. Nilipomsimulia Redio yaliyotokea, alizima kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kesho yake alikuja na kamba yake begani, akanisubiri mlangoni mpaka nikamaliza kunawa mikono.

Siku ya majibu tulikwenda watatu. Mkunga aliisoma karatasi mara mbili, kisha akatabasamu.

"Salama. Vipimo vyote viwili ni safi."

Baba alishusha pumzi kama aliyetua gogo. Mama alinivuta kwake, akaniwekea tena mkono begani, nami nikalia bila kuona haya.

"Nisikilize, binti," mkunga alisema. "Uvivu wako ulikuwa kosa, lakini uvivu wa siku nne unasafishika kwa glavu na maji ya moto. Uongo ndio ulioleta hatari. Mimi sikai nyumbani kwenu. Macho yangu ni maneno mnayoniambia. Mkinipa maneno ya uongo, nami natibu nikiwa kipofu. Siku ile ulipofungua kinywa, ulimlinda mdogo wako kabla hajazaliwa. Endelea hivyo hivyo."

Tulipofika nyumbani, Mkaguzi alikuwa amelala ndani ya lile boksi, ambalo sasa lilikuwa kitanda chake. Aliamka, akakagua mfuko wa mama, akarudi kulala.

Nilikwenda nyuma ya mlango wa ua. Kalamu ilikuwa ikining'inia kwenye uzi wake, karibu kabisa na mkono wangu. Niliipita. Nilivaa glavu, nikamwaga vumbi lote mpaka kitako cha beseni kikaonekana, nikasuuza, nikanawa. Ndipo nikaweka alama.