Maji ya Chumvi Nyuma ya Jiko

Laptop kuukuu ya Miraj iliwaka vizuri asubuhi ile, ila mtandao haukuwapo. Mwaka huo wa 1998, nyumba yake pale Kaloleni, mjini Voi, ndiyo pekee mtaani iliyopokea barua pepe kwa redio, bila waya wa simu, naye hakuchoka kuwakumbusha watu. Alikagua redio, akapanda paani kukagua antena. Kote salama. Kikabaki kile chuma kirefu kilichozikwa nyuma ya jiko, kilichounganishwa na redio kwa waya ili umeme wake upate njia ya kushuka ardhini. Udongo ukikauka sana chuma hakifanyi kazi, na dawa yake ni maji ya chumvi. Akayachemsha ili chumvi iyeyuke upesi, akayamwaga yakitokota.

"Umepiga bismillahi?" Salme, mkewe, aliuliza kutoka mlangoni, amempakata Faiza, binti yao mdogo. Kwao alilelewa akijua kuwa maji ya moto hayamwagwi chini kimyakimya, maana huenda wenyewe, majini wa ardhini, wako hapo na watoto wao.

Miraj akacheka. "Hii ni redio, Mama Faiza."

Udongo ukatoa mlio mwembamba, ukakatika. Alisema ni mvuke.

Adhuhuri mtandao ulirudi, na pamoja nao harufu ya nywele zilizoungua. Faiza akajikwaa barazani, akapasuka goti, akafungua kinywa alie. Machozi yakamtoka, sauti haikutoka. Salme akamtikisa, akampulizia usoni, akamwita jina lake tena na tena huku harufu ikizidi kujaa nyumba nzima, hadi kilio cha mtoto wake, kile kile anachokijua, pamoja na kwikwi zake za mwishoni, kikasikika chumba cha pili, ndani ya spika za laptop.

Alasiri akaitwa Bi Nasiha, mganga wa majini. Alifukiza ubani, akauliza kwa upole ni nani aliyekuja. Kilio kikanyamaza. Sauti ya mwanamke ikajibu kwenye spika, ya chini, iliyojaa chuki.

"Wangu mmemuunguza. Simsikii tena. Na nyinyi wenu hamtamsikia."

Miraj alipiga magoti akaomba radhi, na safari hii hakucheka. Bi Nasiha akanong'ona, "Nitasoma mpaka Magharibi, sauti itamrudia. Lakini mashine isizimike. Sauti ya mtoto imo humo."

Akasoma. Koo la Faiza likaanza kukwaruza, kisha likatoa "ma" moja hafifu, na Salme akalia kwa furaha. Miraj peke yake ndiye aliyekuwa akiukodolea macho waya wa umeme uliotoka kwenye laptop mpaka ukutani. Betri ilikufa zamani.

Stima ikapotea.

Majirani waliguna, kama wanavyoguna kila ikipotea. Kioo cha laptop kilikuwa cheusi. Faiza alimtazama mama yake, kinywa wazi, kimya.

Ndipo wote wakasikia, nyuma ya jiko, chini ya udongo ule, Faiza akilia, na mwanamke akimbembeleza kwa upendo kama mwanawe mwenyewe.