Nionyesheni Nilipokosea

Mshonaji alifunika cherehani, akafagia nyuzi sakafuni, akashika penseli. Mchana alishona sare za shule, jioni alichora. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake.

Safari hii alimchora marehemu mama yake. Baba alibaki na picha moja tu ya mkewe, ndogo, imechujuka. "Siku hizi nasahau hata alivyokuwa akinitazama," mzee alisema. Maneno hayo yalimchoma binti yake. Alitaka picha kubwa itundikwe mbele ya kiti cha baba.

Alipomaliza, aliituma kwenye kundi la wachoraji mtandaoni. "Mnaionaje?" aliandika. Sifa zikamiminika. "Moto!" "Una kipaji, dada!" Mtu mmoja tu alitia mchanga kitumbua. Alikuwa jirani yake aliyehamia karibuni, mchora mabango aitwaye Fundi Rangi. Aliandika, "Macho hayajakaa sawa."

Mshonaji akamjibu mbele ya wote, "Wivu utakuua."

Kesho yake alimpelekea baba picha. Mzee akavaa miwani, akaisogeza dirishani.

"Nzuri, mwanangu. Huyu ni nani?"

Mshonaji nusura aangue kilio. Akaikunja picha, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Rangi. Alimkuta juu ya ngazi, akipaka rangi bango la duka.

"Kaka, jana nilikukosea adabu. Nisamehe. Baba hakumtambua mama. Macho yana nini?"

Fundi akashuka. "Hata mimi nilikosea, dada. Nilitaja kasoro, nikakuacha hapo hapo. Huko si kusahihisha, ni kumchoma mtu. Lakini hebu niambie, picha uliyoitazama ukichora ulituonyesha?"

"Sikuionyesha."

"Sasa tungelinganisha na nini? Mama yako hatukumjua. Ukiuliza 'mnaionaje' tu, utasifiwa mpaka ulewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Mshonaji akacheka kidogo. "Basi niulizeje?"

"Weka picha zote mbili pamoja. Sema unamchorea nani. Uliza lile hasa linalokusumbua. Watu wakijibu, usikimbilie kujitetea. Soma, tulia, kisha chagua la kufuata."

"Na nikimkosoa mwenzangu?"

"Muulize kwanza kama anataka kukosolewa. Mwambie lililokaa vizuri, ila usimdanganye. Kisha onyesha mahali penyewe palipokosewa, na namna ya kupatengeneza. Iseme picha, usimseme mtu."

Jioni mshonaji alituma picha zote mbili. Aliandika, "Huyu ni marehemu mama. Baba hakumtambua. Nionyesheni nilipokosea."

Majibu yakaja. "Nywele umezipatia," mmoja aliandika. "Lakini kwenye picha ya zamani nyusi moja imepanda. Wewe umezisawazisha." Mwingine akasema, "Kidevu umekilainisha mno. Huyu mama hakuwa mtu wa kubishiwa!" Fundi Rangi naye akaandika, "Kona za nje za macho zishushe kidogo. Yatarudi mahali pake."

Mshonaji alicheka huku machozi yakimtoka. Kweli tupu! Kila mama alipoinua nyusi ile, baba alikunywa dawa bila kukumbushwa. Yeye alitaka mama apendeze, akamfuta ukali wake wote. Hakuona aibu tena, aliona njia. Aliwashukuru wote, akachukua karatasi mpya.

Picha ilipokamilika, aliitundika mbele ya kiti cha baba, akasimama kando. Mzee akaingia, akavaa miwani, akatazama. Kisha akavua kofia.

"Mbona unaniangalia hivyo, mke wangu?" aliiambia picha. "Dawa nimeshakunywa."

Mshonaji akashusha pumzi, akaketi chini miguuni pa baba yake.