Siku Mlingoti Ulipokosa Kivuli

Kila asubuhi, kabla ya kufunga kamba za viatu, Katibu alihakikisha kwanza kwamba flashi iko shingoni. Ilining'inia kwenye utepe mweusi ambao mama yake, fundi cherehani, alimkatia kutoka kwenye mabaki ya kitambaa.

"Daftari umelisahau mara tatu wiki hii," mama alimtania huku akitunga uzi kwenye sindano. "Hicho kidude hujakisahau hata siku moja."

"Mama, hiki si kidude. Ni kompyuta nzima!"

Wala hakutia chumvi. Kompyuta ya darasa lao ilikuwa imekufa diski, ikabaki sanduku la kuegemezea madaftari. Kisha mwalimu wa sayansi akaja na flashi isiyozidi kidole gumba, akaichomeka, na lile sanduku likafufuka. Mfumo wote wa kuendesha kompyuta ulikuwa umelala ndani ya kitu unachoweza kukificha mdomoni! Siku hiyo hata wapiga soga wa nyuma walinyamaza. Msichana mmoja akachaguliwa kuitunza, na tangu hapo hakuna aliyemwita jina jingine ila Katibu.

Muhula mzima, kila adhuhuri, darasa lilipima kivuli cha mlingoti wa bendera. Mrefu, rafiki yake, alishika futi kamba. Katibu alipiga picha, akaihamishia kwenye flashi, kisha akaifuta kwenye kamera ya shule. Sasa ilibaki siku moja tu ya kupima, na kesho yake wazazi wangekuja kuona kazi hiyo.

Lakini Katibu alikuwa na siri. Binamu yake alikuwa amempa katuni kumi na nne, naye akazisukumia zote kwenye flashi. Ili zisijulikane, aliziweka katika folda aliyoiita "Hesabu za Ziada." Nani angehangaika kufungua folda yenye jina la kuchosha namna hiyo? Jana yake kompyuta ilimwonya kwamba nafasi inakaribia kwisha. Aliufunga ujumbe huo, akaendelea na shughuli zake.

Asubuhi hiyo alipoiwasha, maandishi meupe yalipita mbio, kisha skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha tena. Nyeusi tii.

"Tumekwisha!" Mrefu alisema. "Wazazi wanakuja kesho!"

"Labda flashi imezeeka," Katibu alijibu, akikwepa kumtazama.

Mwalimu alikuja, akavuta kiti.

"Flashi hii ina vyumba viwili," alieleza. "Kimoja kina mfumo, nacho hakiguswi. Cha pili ni ghala la kazi zenu. Ghala likijaa pomoni, mfumo unakosa hata pa kuweka mguu, basi hauamki. Ngoja niuamshe bila ghala."

Akabonyeza vitufe viwili vitatu. Skrini ikawaka, lakini ilikuwa tupu, bila faili hata moja.

"Imetusahau," Mrefu alinong'ona.

"Haijawasahau. Ghala lipo, limefungwa tu." Mwalimu akalifungua, na kazi zao zote zikajitokeza, moja baada ya nyingine.

"Sasa tupunguze mzigo," mwalimu akasema. "Picha ni nyingi na nzito. Kwa kuwa vipimo mmeviandika, tuzifute. Hii 'Hesabu za Ziada' nayo ni nzito kweli, ila hesabu ni kazi, tuiache."

Akazichagua picha zote. Miongoni mwao ilikuwa picha ya siku ya thelathini na moja, siku ambayo jua lilisimama juu kabisa na mlingoti ukakosa kivuli. Siku hiyo walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Nakala nyingine haikuwepo popote. Kidole cha mwalimu kilikuwa kinashuka kwenye kitufe cha kufuta.

"Subiri, Mwalimu!" Katibu alipaza sauti. "Zile si hesabu. Ni katuni. Nimezipa jina la uongo. Flashi haijazeeka, mimi ndiye niliyeijaza."

"Katuni?" Mrefu aliguna. "Na hukuniita?"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Zifute mwenyewe."

Akazifuta zote kumi na nne. Nafasi haikuongezeka hata chembe.

"Umetoa taka chumbani ukaziacha nyuma ya mlango," mwalimu alisema. "Zimo kwenye kapu la taka. Limwage."

Katibu akalimwaga, na nusu ya ghala ikawa wazi. Walipowasha upya, kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwalimu akazipitisha picha haraka haraka. Kivuli kikawa kinafupika, kinafupika, kikatoweka chini ya mlingoti, kisha kikachomoza upande wa pili na kuanza kurefuka. Walikuwa wamelitazama jua likivuka juu ya vichwa vyao, na safari yake yote ilikuwa imening'inia shingoni mwa Katibu.

Katibu alimpa mwalimu flashi pamoja na utepe wake.

"Mpe mwingine, Mwalimu."

Mwalimu aliipima uzito kiganjani.

"Kitu kikijaa, kinaokolewa," alisema taratibu. "Lakini ukikibandika jina la uongo, hata anayekuja kukusaidia atatupa chema na kuhifadhi takataka. Leo nilibakiza kitufe kimoja tu. Ulichonizuia nacho ni ukweli, na mtu wa namna hiyo ndiye ninayetaka aitunze."

Akamvisha utepe shingoni.

"Haya, chukueni futi kamba. Adhuhuri haimsubiri mtu."